Gunpei Yokoi, fundi wa Kyoto aliyeleta Game Boy, mashine ambayo leo inapiga muziki wa rock

Kuna wanamuziki huko Ulaya, Marekani na Japani wanaochukua nyimbo na albamu za rock za zamani, zile zilizorekodiwa kwa magitaa ya umeme, ngoma na sauti za waimbaji, na kuzipiga upya kwa milio ya mashine za michezo ya video za miaka ya 1980. Moja ya mashine wanazozipenda zaidi ni ndogo, inaingia mkononi, rangi yake ni ya kijivu na inatumia mawe manne ya radio. Ni Game Boy ya kampuni ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1989.

Mtu aliyeongoza kazi ya kuiunda aliitwa Gunpei Yokoi. Hakujulikana kwa muziki. Alikuwa fundi wa umeme aliyeingia Nintendo kwa kazi ya kutengeneza mashine za kiwanda zilizoharibika, akatumika humo miaka 31, kisha akafariki barabarani akiwa na umri wa miaka 56.

Maisha yake yana jambo moja ambalo mafundi wa kwetu watalielewa haraka. Karibu kila kitu alichofanikiwa nacho kilitoka katika vifaa vya bei ndogo, vifaa ambavyo makampuni makubwa yalikuwa yameanza kuviona kama vya zamani. Njia hiyo ilimpa Yokoi heshima dunia nzima. Njia hiyo hiyo ilimwangusha mara moja, mbele ya watu wote.

Kijana wa Kyoto asiyetaka kuhama mji wake

Gunpei Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 katika mji wa Kyoto, mji mkuu wa zamani wa Japani. Alisomea mambo ya elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, kilicho katika mji huohuo. Alipomaliza masomo hakupata nafasi katika makampuni makubwa ya umeme ambayo wakati huo yalikuwa yakiinua uchumi wa Japani. Tena hakupenda kuondoka Kyoto.

Mwaka wa 1965 akaajiriwa na Nintendo. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka wa 1889, haikuwa na jina katika elektroniki hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza karata, hasa zile za Kijapani ziitwazo hanafuda, zenye picha za maua. Yokoi alipewa kazi ya kuangalia mashine zinazotengeneza karata hizo: zikisimama, yeye ndiye wa kuzifungua na kuzirudisha kazini. Kwa kijana mwenye diploma ya elektroniki, haikuwa kazi ya kujivunia mbele ya wenzake wa masomo.

Mashine hazikuharibika kila siku, na Yokoi alibaki na saa nyingi tupu. Ili kujiondolea uchovu, alianza kujitengenezea vitu vya kuchezea kwa vyombo vya kiwandani. Kimojawapo kilikuwa mkono unaorefuka: vipande vilivyounganishwa kwa mfano wa mkasi. Ukibana mishiko, mkono unakwenda mbele na kushika kitu kilicho mbali.

Mkurugenzi mkuu wa Nintendo, Hiroshi Yamauchi, alimkuta nacho. Yamauchi alikuwa mtu mkali, anayeogopwa na wafanyakazi wake. Alipomwita Yokoi ofisini, kijana alijua anakwenda kukemewa kwa kuchezea wakati wa kazi. Badala yake mkubwa wake akamwagiza afanye kile kitu kiwe bidhaa ya kuuzwa katika sikukuu za mwisho wa mwaka.

Kiliitwa Ultra Hand na kikatoka mwaka wa 1966. Viliuzwa zaidi ya milioni moja. Kwa kampuni iliyokuwa ikitafuta njia nyingine ya kuishi kando ya karata, yale yalikuwa mafanikio makubwa. Yokoi akaondolewa kwenye mashine na kupewa kazi ya kubuni michezo.

Kushikana mikono, bunduki za mwanga na madeni

Katika miaka iliyofuata Yokoi alitoa vitu vingi. Kulikuwa na mashine ya kurusha mipira kwa ajili ya watoto kucheza ndani ya nyumba. Mwaka wa 1969 kikaja kifaa cha kupima upendo, Love Tester: kijana na msichana wanashikana mikono, kila mmoja anashika pia kichuma, na sindano inapanda au kushuka. Ukweli ni kwamba kilipima tu namna umeme mdogo unavyopita katika miili yao. Yokoi mwenyewe hakuficha kwamba faida kubwa ya kile kifaa ilikuwa kuwapa vijana sababu ya kushikana mikono, jambo ambalo katika Japani ya wakati ule halikuwa jepesi.

Kisha zikaja bunduki za mwanga. Kampuni ya Sharp ilikuwa ikiuza vipande vidogo vinavyobadili mwanga kuwa umeme, na mtumishi wake Masayuki Uemura alikuwa akivitembeza kwa wateja. Yokoi aliona kwamba kipande kama hicho kikiwekwa kwenye shabaha, bunduki ya kuchezea inayotoa mwanga inaweza kuipiga bila risasi. Uemura baadaye alihamia Nintendo na kuwa mmoja wa wahandisi wake wakubwa.

Nintendo ilitaka kwenda mbali zaidi. Mwaka wa 1973 ilifungua kumbi za kupiga shabaha kwa mwanga katika majumba yaliyokuwa ya mchezo wa bowling, mchezo ambao Wajapani walikuwa wameanza kuuacha. Mwaka huohuo ukaja mgogoro wa mafuta wa dunia. Watu wakapunguza matumizi, wateja wakaondoa oda zao, na Nintendo ikabaki na madeni mazito.

Abiria wa treni na mashine ya hesabu

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Yokoi alikuwa ndani ya treni ya mwendo kasi. Karibu yake kulikuwa na mtu aliyevaa kama mfanyakazi wa ofisi, amechoka na safari, anabonyeza vidole kwenye mashine ndogo ya kuhesabu bila kuhesabu kitu chochote. Alikuwa anapitisha wakati tu. Yokoi akajiuliza kama haiwezekani kutengeneza mchezo mdogo wa namna hiyo, ambao mtu mzima anaweza kuucheza bila majirani zake kumtazama.

Wazo lenyewe lilifika kwa mkurugenzi kwa njia ya ajabu. Inasimuliwa kwamba siku moja dereva wa Yamauchi alikuwa mgonjwa, na Yokoi akaombwa kuendesha motokari ya mkubwa. Njiani, ili kusiwe na ukimya, akamweleza juu ya ule mchezo. Yamauchi hakuonyesha kama amependezwa. Lakini katika mkutano aliokuwa anaenda aliketi karibu na mkubwa wa Sharp, kampuni iliyotengeneza vioo vya mashine za kuhesabu. Siku chache baadaye watu wa Sharp walikuwa ofisini mwa Nintendo.

Wakati ulikuwa mzuri. Makampuni ya Japani yalikuwa yameshindana sana katika mashine za kuhesabu, hata bei ya vioo na ya vipande vya ndani ikashuka kabisa. Mnamo Aprili 1980 Nintendo ikatoa Game & Watch ya kwanza: mchezo mmoja, saa ndani yake, kioo cha mashine ya kuhesabu. Zilifuatwa na michezo mingine mingi ya aina hiyo, na kwa jumla ziliuzwa zaidi ya milioni 43. Deni la kampuni likalipwa.

Kutoka hapo Yokoi alieleza wazi falsafa yake ya kazi. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita kufikiri kwa upana juu ya teknolojia iliyonyauka. Maana yake ni hii: chukua kifaa ambacho kimeshazoeleka, ambacho bei yake imeshuka na makosa yake yote yanajulikana, kisha kitafutie kazi ambayo hakuna aliyewahi kukipa. Kwa macho yake, teknolojia mpya kabisa ilikuwa ya bei ghali na ya kuharibika ovyo, na haimfurahishi mchezaji kwa sababu tu ni mpya.

Mwaka wa 1982, katika Game & Watch ya mchezo wa Donkey Kong, Yokoi aliweka kitufe chenye umbo la msalaba upande wa kushoto, ili kidole gumba kimoja kiweze kwenda juu, chini, kulia na kushoto. Fimbo za kuongozea michezo wakati huo zilikuwa ndefu na haziwezi kuingia mfukoni. Yeyote aliyewahi kushika manette ya mchezo wa video, iwe ya kampuni gani, ameweka kidole chake kwenye wazo hilo.

Nyuma ya Donkey Kong na Mario

Yokoi aliongoza kikosi cha kwanza cha utafiti cha Nintendo, na vijana wengi walipita mikononi mwake. Mwaka wa 1981 kampuni ilikuwa na shida Marekani: mashine zake za mchezo wa Radar Scope zilikuwa zimebaki ghalani bila wanunuzi. Yamauchi alimpa kijana mmoja mchoraji, Shigeru Miyamoto, kazi ya kuzitafutia mchezo mwingine, chini ya usimamizi wa Yokoi. Hapo ndipo Donkey Kong ilipozaliwa, na ndani yake yule seremala mrukaji ambaye baadaye aliitwa Mario.

Wawili hao walitumika pamoja tena katika Mario Bros. ya mwaka wa 1983. Kikosi cha Yokoi pia ndicho kilichotoa Metroid na Kid Icarus mwaka wa 1986. Muziki wa michezo hiyo miwili ulitungwa na Hirokazu Tanaka, mhandisi wa sauti wa kikosi hicho. Tutarudi kwa Tanaka hapa chini, kwa sababu bila yeye hadithi ya muziki haiendi.

Kioo kilichokataliwa

Mwaka wa 1987 Yokoi na wenzake walianza kazi ya mashine ambayo mtu anaweza kubadilisha michezo ndani yake kwa kaseti. Sifa haikuwa ya mtu mmoja. Naibu wake, Satoru Okada, alisimulia baadaye kwamba Yokoi mwanzoni alifikiria kitu chepesi, mfano wa Game & Watch tu, na kwamba yeye Okada ndiye aliyesukuma ili mashine iwe na nguvu na iweze kupokea michezo mingi kwa miaka mingi. Walibishana, na Yokoi akamwachia nafasi.

Mahali ambapo Yokoi hakukubali kurudi nyuma ni bei na mawe. Alitaka kioo kisicho na rangi wala taa nyuma yake. Wenzake waliogopa: wapinzani walikuwa wanatayarisha mashine za rangi. Yokoi alijibu kwamba rangi inakula umeme, na mtoto ambaye mawe yake yanakwisha kila saa tatu ataitupa mashine kabatini.

Shida kubwa ilikuja mwishoni. Mfano uliokuwa karibu kwenda kiwandani ulionyeshwa kwa Yamauchi, naye akauinamisha na kusema haoni kitu. Kioo kilichochaguliwa kilionekana tu ukikitazama moja kwa moja. Ukikigeuza kidogo, picha inapotea. Mkurugenzi akakataa mashine. Fedha zilikuwa zimekwisha kutumika na kiwanda kilikuwa kinangoja. Yokoi aliingia katika siku ngumu sana za kazi yake, hadi kilipopatikana kioo cha aina nyingine kinachoonekana hata kwa pembeni. Ndicho chenye ile rangi ya kijani inayojulikana.

Game Boy ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989, kwa bei ya yeni 12.500. Marekani ilifuata mwaka huohuo, ikiuzwa pamoja na mchezo wa Tetris, mchezo ambao hauhitaji rangi na unaomfaa mzee na mtoto. Atari ilileta Lynx mwaka huo, na Sega ikaleta Game Gear mwaka wa 1990. Zote mbili zilikuwa na rangi nzuri. Zote mbili zilikula mawe sita kwa saa chache. Game Boy, kwa mawe manne, ilikwenda zaidi ya saa kumi.

Pamoja na ndugu yake Game Boy Color, iliuza zaidi ya milioni 118. Waya mdogo wa kuunganisha mashine mbili ndio uliompa Satoshi Tajiri wazo la Pokémon, mchezo uliotoka mwaka wa 1996, wakati wengi walifikiri umri wa Game Boy umekwisha. Game Boy moja iliyoungua katika Vita vya Ghuba, plastiki ikiwa imeyeyuka, iliwekwa kwa miaka mingi katika duka la Nintendo mjini New York, ikiendelea kucheza Tetris.

Sauti nne za kupigia rock

Sasa tuingie katika muziki. Ndani ya Game Boy hakuna sauti zilizorekodiwa kama kwenye simu za leo. Kuna kipande cha elektroniki kinachotengeneza milio papo hapo, na kinaweza kutoa milio minne tu kwa wakati mmoja.

Milio miwili ya kwanza ni ya mawimbi ya mraba: umeme unapanda na kushuka ghafla, na sikio linasikia mlio mkavu, wenye makali. Mlio wa tatu unaruhusu mtunzi kuchora umbo la wimbi lake mwenyewe kwa nukta 32. Wa nne ni kelele tupu, kama ya radio isiyopata kituo. Msomaji anayejua orkestra zetu, ambamo kila gitaa lina kazi yake kati ya solo, mi-solo, akompanyema na besi, ataelewa mara moja hali ya mtunzi wa Game Boy: ana wapigaji wanne, hakuna wa tano, na hata mpiga ngoma amehesabiwa humo.

Mtu anayetaka kuileta albamu ya rock ndani ya mashine hii anaanza kwa kugawa kazi. Besi inakwenda kwenye mlio wa tatu, ule wa kuchorwa. Ngoma zote zinakwenda kwenye kelele: kelele fupi yenye mlio wa juu inakuwa matoazi, iliyoshushwa inakuwa ngoma kubwa. Inabaki milio miwili ya mraba kwa ajili ya gitaa na mwimbaji, na hapo ndipo kuna vita. Mwimbaji hana tena maneno, anabaki na wimbo tu. Mpiga gitaa wa rock hupiga nyuzi tano au sita pamoja. Mashine haina milio hiyo. Mtunzi anatumia hila ya zamani: anapiga noti tatu moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa, mara nyingi kwa sekunde, hadi sikio linaamini kwamba zimepigwa pamoja. Mtetemo huo wa haraka ndio unaomfanya mtu atambue muziki wa mchezo wa zamani hata kutoka chumba cha pili.

Kazi hiyo inaonyesha pia ubora wa wimbo wenyewe. Katika studio, ubaya wa wimbo unaweza kufichwa kwa mwangwi, kwa waimbaji wa nyuma na kwa sauti nzuri ya gitaa. Kwenye milio minne hakuna pa kujificha.

Programu za kutungia muziki ndani ya Game Boy zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000: Nanoloop kutoka Ujerumani, kisha Little Sound DJ kutoka Sweden. Kwa programu hizo mashine ikawa chombo cha muziki, na watu wakaanza kupanda nayo jukwaani. Wengine walichagua mashine ya nyumbani ya Nintendo, ile ya Famicom, iliyoundwa na kikosi cha Uemura lakini ikiwa na kitufe cha msalaba cha Yokoi. Famicom ina mlio mmoja zaidi.

Mfano unaojulikana zaidi ni Moon8. Ni albamu nzima ya kundi la Uingereza Pink Floyd, The Dark Side of the Moon ya mwaka wa 1973, iliyotungwa upya kwa milio ya Famicom, tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo. Uchaguzi huo haukuwa mwepesi. Albamu ya Pink Floyd ilitengenezwa kwa mapigo ya moyo, milio ya saa na ya mashine za fedha za dukani, na wimbo mmoja mzima ambamo mwanamke anaimba bila maneno. Mwaka wa 2009 zilitoka kazi nyingine mbili za namna hiyo: albamu ya nyimbo za kundi la rock la Marekani Weezer zilizopigwa na watunzi mbalimbali wa milio ya michezo, na Kind of Bloop, iliyochukua albamu ya jazz ya Miles Davis, Kind of Blue.

Watunzi hawa wanafanya kile Hirokazu Tanaka alichokifanya kwa lazima. Yeye ndiye aliyetengeneza muziki wa Tetris ya Game Boy, akiwa na milio minne, nafasi ndogo ya kuhifadhi, na kipaza sauti kidogo cha mashine. Tofauti ni moja: Tanaka hakuwa na chaguo lingine. Wao wana kompyuta zinazoweza kutoa sauti za orkestra nzima, na bado wanarudi kwenye milio minne. Yokoi asingeshangaa. Ni wazo lake lilelile: kifaa kilichonyauka kikipewa kazi mpya.

Mashine nyekundu

Anguko lilikuja mwaka wa 1995. Yokoi alikuwa amevutiwa na teknolojia ya Kimarekani iliyotumia mistari ya taa ndogo na vioo vinavyotikisika ili kuonyesha picha yenye kina. Kwa kufuata kanuni yake, alichagua taa nyekundu, kwa sababu za rangi nyingine, hasa bluu, zilikuwa bado ghali mno. Mashine ikaitwa Virtual Boy.

Mchezaji alipaswa kuiweka juu ya meza na kuingiza uso ndani yake. Haikuwa ya mfukoni, wala haikuwa ya kuchezwa na familia mbele ya televisheni. Picha zote zilikuwa nyekundu juu ya weusi, na watu wengi walilalamika kuumwa na kichwa na macho. Michezo yake yote haikuzidi 22, na mashine zilizouzwa duniani hazikufika 800.000. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu kwa makumi ya milioni, ilikuwa aibu. Katika muda usiofika mwaka Nintendo ikaiacha.

Kuna somo hapa ambalo wasifu wengi wa Yokoi hupita juu yake. Taa nyekundu zilikuwa rahisi na zinazojulikana, sawasawa na kanuni. Lakini kanuni ina sehemu mbili, na ya pili ni kutafuta matumizi ambayo mtu atayapenda. Abiria wa treni alikuwa tayari anabonyeza mashine yake kabla ya Yokoi kufika. Kwa Virtual Boy, hakuna aliyekuwa ameonekana akitamani kuficha uso wake ndani ya sanduku.

Tarehe 15 Agosti 1996, Yokoi aliacha kazi Nintendo. Kabla ya kuondoka alimaliza Game Boy Pocket, toleo dogo na jepesi la mashine yake. Watu wengi waliandika kwamba amefukuzwa kwa sababu ya Virtual Boy. Yeye mwenyewe alikanusha, akieleza kwamba kwa muda mrefu alikuwa na nia ya kujitegemea alipofika miaka 50 na kitu.

Ajali ya Ishikawa

Alianzisha kampuni yake ndogo mjini Kyoto, kwa jina la Koto. Kampuni ya michezo ya watoto Bandai ilimpa kazi ya kubuni mashine mpya ya mkononi, ya kushindana na ile aliyoiacha Nintendo. Yokoi akarudi kwenye yale aliyoyajua: bila rangi, nyepesi, ya bei ndogo, na safari hii jiwe moja tu la radio.

Hakuiona ikimalizika. Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa katika motokari iliyoendeshwa na mtu mwingine kwenye barabara kuu ya Hokuriku, katika mkoa wa Ishikawa. Motokari iligonga lori kwa nyuma, na madhara hayakuwa makubwa. Yokoi na mwenzake walishuka kuangalia. Motokari nyingine iliyokuwa inapita ikamgonga. Alifariki muda mfupi baadaye.

Mashine ya Bandai, WonderSwan, ilitoka mwezi wa Machi 1999 kwa yeni 4.800, chini ya nusu ya bei ya kwanza ya Game Boy miaka kumi kabla yake. Jiwe moja liliipeleka zaidi ya saa 30. Mchezo mmoja uliotoka nayo ulipewa jina la Gunpey, kwa heshima yake. Mwaka wa 2003 chama cha kimataifa cha watengenezaji wa michezo ya video kilimpa tuzo ya kazi ya maisha yote, miaka sita baada ya kifo chake.

Tukumbushe kwamba Game Boy iliendelea kutengenezwa hadi mwaka wa 2003. Leo wanaozitafuta zaidi ni wakusanyaji na wanamuziki. Wanazinunua zilizokwisha kutumika, wanazifungua, wanabadilisha kioo kilichochoka, na wengine wanaongeza tundu la waya ili sauti iende moja kwa moja kwenye spika za ukumbi. Kipande kinachotoa ile milio minne hawakigusi.